Chama cha Kwetu na Bei Yake

Wanangu, karatasi zenu nimezisoma zote, pamoja na zile za nyuma zenye picha za wagombea waliokunja mikono kifuani. Sijui ni nani aliyewafundisha wanasiasa wa siku hizi kupigwa picha wamekunja mikono. Zamani mtu aliyeomba kazi alivua kofia akaishika. Lakini hayo ni yangu. Mnataka niwe mlezi wa chama kipya, nivae fulana yenu, nisimame nanyi uwanja wa Karisa Maitha siku ya uzinduzi niwaombee dua. Sikatai wala sikubali. Nina maneno ya kusema kwanza, na mnivumilie nikiyasema polepole, maana mwenye haraka hapa si mimi. Ni nyinyi mnaohesabu siku hadi uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027.

Ukurasa wa kwanza wa manifesto yenu mmeandika kwamba Pwani haijawahi kuwa na chama chake. Hapo nilivua miwani.

KADU ilikuwa ya nani? Ilizaliwa mwaka 1960, na kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala, mwalimu, mwana wa Kilifi hii hii. Haikuwa ya Wapwani peke yao. Walikuwamo Wakalenjin, Waluhya na Wamaasai, wote wakihofia kumezwa na makabila makubwa yaliyojaa KANU. Manifesto yake ungeweza kuiandika kwa neno moja, majimbo, na jambo hilo walilipata. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na mikoa saba yenye mabunge yake, Pwani ikiwemo. Hakuna chama cha Pwani tangu hapo kilichopata hata robo ya hayo. Lakini haukupita mwaka na nusu. Novemba 1964 viongozi wa KADU wakakivunja chama wakahamia KANU. Desemba nchi ikawa jamhuri, mwenyekiti wa chama, Daniel arap Moi, akapewa uwaziri, na Ngala naye akaja kuupata mwaka 1966. Mabunge ya mikoa yakafa. Watu wazima wa kijijini kwetu waliokuwa na kadi za KADU walikaa nazo sandukuni miaka na miaka, kwa kuwa hakuna aliyerudi kuwaambia wazifanye nini.

Kisha ukaja mwaka 1997 na chama cha Shirikisho, majimbo yale yale yakiwa yamevishwa shati jipya. Mwaka huo huo, tarehe 13 Agosti, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na majuma yaliyofuata watu wa bara tuliokuwa tukiishi nao wakauawa na kuchomewa nyumba. Simbebeshi mtu wa Shirikisho damu hiyo. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza machafuko hayo, na anayetaka kujua na asome. Ninachowaambia ni kwamba ukiandika kwenye manifesto kuwa shida yetu ni watu wa kuja, hujui nani ataisoma kwa sauti wala atakuwa ameshika nini mkononi. Ule mstari wa ukurasa wa tatu kuhusu "wageni" naomba ufutwe. Juu ya hilo sibishani na mtu. Na Shirikisho, uchaguzi ulipofika Desemba, ilipata kiti kimoja cha ubunge. Cha Likoni.

La juzi hamna haja ya kusimuliwa, mlikuwa mmeshapata vitambulisho. Pamoja African Alliance, PAA, ilikuwa ya gavana wetu Amason Kingi, aliyekuwa akimaliza muhula wa pili alioupata kwa tiketi ya ODM. Mwaka 2022 ikaingia muungano wa Azimio. Mei, miezi mitatu kabla ya kura, ikahamia muungano wa Kenya Kwanza. Agosti ugavana wa Kilifi ukaenda kwa Gideon Mung'aro wa ODM, na Septemba Kingi akachaguliwa Spika wa Seneti. Simwonei kijicho. Ni cheo kikubwa, na mtoto wa Pwani akikikalia nami hufurahi. Nawauliza tu nyinyi mliozunguka na magari ya kampeni mwaka ule: ile manifesto mliyokuwa mkiigawa Bamba na Marafa, baada ya Septemba ni nani aliyeifungua tena?

Najua jibu lenu, maana vijana wote hunipa hilo hilo: wazee walituuza. Mimi neno hilo silitumii ovyo. Kabla ya ugatuzi nilikuwa karani katika baraza la kaunti, kazi yangu kuandika kumbukumbu za kamati. Karani haruhusiwi kusema mkutanoni, kwa hiyo hujifunza kusikiliza, na nilichosikia miaka yote ile ni kwamba ahadi nyingi hazivunjwi baada ya uchaguzi. Huandikwa zikiwa zimeshavunjika. Zenu pia ziko namna hiyo, na ndiyo maana nimewaita.

Chukueni kijitabu chenu mkiweke mezani pamoja na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, pale palipoandikwa kazi za serikali ya kitaifa na kazi za kaunti. Someni mstari kwa mstari. Mmeahidi kuirudisha bandari ya Mombasa mikononi mwa Wapwani. Mwaniaji wenu wa ugavana wa Kilifi atairudishaje? Bandari hiyo inaendeshwa na serikali ya kitaifa. Mwaka 2019 makontena yalipoamriwa yapandishwe reli mpya hadi Nairobi, watu wa malori na wafanyabiashara waliandamana Mombasa wiki baada ya wiki. Pwani ilikuwa na magavana sita wakati huo, wote wana bendera kwenye magari. Amri ile ilikuja kuondolewa Septemba 2022, na aliyetangaza kuiondoa ni rais mpya siku ya kuapishwa.

Mmeahidi hatimiliki kwa kila skwota ndani ya siku 100. Wanangu! Dhuluma ya ardhi naijua kuliko mnavyoijua nyinyi. Naijua ile sheria ya mwaka 1908 iliyowataka watu waje ofisini kudai mashamba ya ukanda wa pwani kwa maandishi, babu zetu hawakwenda, na ardhi isiyodaiwa ikaandikwa ya serikali ya mkoloni. Lakini hati haitoki kwa gavana. Inatoka wizara ya ardhi, na madai ya dhuluma za kihistoria yalipelekwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Gavana wenu akimaliza hizo siku 100 atakuwa ameandika barua, na nakala ya barua hailimwi mahindi.

Na kinachonichosha ni hiki. Kazi ya ardhi iliyo mikononi mwa kaunti ipo, na katika kurasa zenu zote sikuiona hata kwa bahati mbaya. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaitaka kila serikali ya kaunti iorodheshe ardhi yote ya jamii ambayo haijasajiliwa na kuipeleka orodha hiyo kwa waziri. Ardhi hiyo, mpaka isajiliwe, kaunti inaishika kwa amana kwa niaba ya wenyewe. Nendeni Ganze, nendeni Magarini, mwulize mzee wa kijiji kama amewahi kuitwa kuonyesha mipaka. Tena mipango ya matumizi ya ardhi na vibali vya ujenzi ni vya kaunti. Wavuvi wa mwambao huu wanazidi kuzungushiwa kuta. Njia ya kushukia baharini aliyoitumia babu yake mtu leo ina geti na mlinzi. Anayeidhinisha ramani ya jengo lile anakaa ofisi ya kaunti. Chama kitakachoandika majina ya njia hizo, moja baada ya moja, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, na kusema kila moja itafunguliwa vipi, hicho nitakivalia fulana bila kuombwa. Lakini kazi hiyo haipigiwi ngoma. Itawabidi mtembee kwa miguu, mwulize, mwandike.

Maji mmeyapa mstari mmoja: "Maji safi kwa kila nyumba." Ni kweli huduma ya maji ni ya kaunti. Ila maji mnayokunywa Malindi na Kilifi, na sehemu ya yale ya Mombasa, yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na mitambo ya pale imo chini ya shirika la serikali ya kitaifa linaloziuzia kampuni za maji za kaunti kwa jumla. Zaidi ya mara moja mifereji imekauka huku mto umejaa, kwa sababu umeme wa Baricho umekatwa kwa deni. Kampuni ya maji inamdai mteja, shirika linaidai kampuni, kampuni ya umeme inalidai shirika, na mama wa Mnarani anabeba mtungi. Mwaniaji wenu analijua deni hilo? Atalilipa kwa awamu ngapi, na fedha ataziondoa wapi? Kama hajui, mstari huo hana haki ya kuutamka mbele ya wanawake waliokesha kwenye kioski cha maji.

Kiwanda cha korosho sitakisemea sana. Tangu kilipokufa miaka ya 1990, kimefufuliwa katika kila manifesto iliyopita mikononi mwangu. Waacheni marehemu walale. Kilimo ni kazi ya kaunti, kwa hiyo niambieni mtapanda miche mingapi, maana mikorosho mingi ya wilaya hii imezeeka kama mimi, na afisa wa kilimo atafika shambani kwa pikipiki ya nani.

Fedha nazo. Mgao wa Kilifi kutoka hazina ya taifa mwaka wa fedha wa 2022/23 ulikuwa shilingi bilioni 11 na ushei. Zinasikika nyingi zikitajwa jukwaani. Toeni mishahara, toeni dawa, toeni uendeshaji wa ofisi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ziende kwenye maendeleo, yaani bilioni tatu na kitu. Kaunti ina wadi 35. Ukigawa sawasawa, ingawa hakuna anayegawa hivyo, kila wadi inabaki na takriban shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kilomita moja tu ya lami hula makumi ya mamilioni. Nyinyi mmeahidi barabara za lami katika kurasa nne. Nimezijumlisha kwa penseli mpaka karatasi ikaisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwa nini manifesto za vyama vya kwetu hujaa mambo ya Nairobi? Mtasema ni kwa kuwa ndiyo yanayotuuma. Ni kweli yanatuuma. Lakini angalieni yanavyofanya kazi. Ukiahidi bandari na hatimiliki, umeahidi kitu kilichomo mfukoni mwa mtu mwingine. Siku ya pili baada ya uzinduzi kiongozi wenu atakuwa na sababu nzuri ya kupanda ndege: anakwenda kuwaombea. Huko hakuna wa kumkabidhi bandari. Bandari haigawiki. Kinachogawika ni vyeo, na cheo hukaliwa na mtu mmoja. Atarudi uwanja wa ndege wa Moi, mtampokea kwa matarumbeta, atawaambia tumeingia serikalini. Hatakuwa amesema uongo. Tena hatakuwa amekwenda kinyume na manifesto, kwa kuwa manifesto haikumwachia kitu cha kufanya nyumbani.

Hili si la Pwani pekee. Mwaka 2022 mkataba wa Kenya Kwanza ulipotangazwa, vyama viwili vya Magharibi, ANC na Ford-Kenya, viliandikiwa asilimia 30 ya serikali mradi vilete asilimia 70 ya kura za eneo lao. Niliposikia hayo redioni niliwaza juu ya mkulima wa miwa wa Mumias: je, alijua kwamba kura yake imeshapimwa kwenye mizani kabla hajaipiga? Walau wenzetu wale walionyesha bei.

Na mjue kwamba "chama cha Wapwani", kama mlivyokiita kwenye jalada, sheria haikitambui. Ibara ya 91 ya Katiba inakataza chama kujengwa juu ya kabila, dini au eneo. Ili msajiliwe kikamilifu mnahitaji wanachama wasiopungua 1,000 walio wapiga kura katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Nani kati yenu anakwenda kuwaandikisha Turkana? Nauliza kwa sababu naijua njia ya mkato. Mwaka 2021 Wakenya walipoanza kujitazama kwenye eCitizen, wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hata jina hawajawahi kulisikia. Nambari zao za kitambulisho zilikuwa zimechotwa mahali. Chama kinachoanza kwa kuiba majina ya watu, kikishika bajeti kitaiba nini? Mkiona hamwezi kuwapata hao elfu moja kwa haki, simameni kama wagombea huru, au ingieni katika chama kilichopo mkapigane ndani. Sioni aibu yoyote hapo.

Wagombea wenu sasa. Nitasema machache, wengine ni watoto wa marafiki zangu. Kati ya wale wa picha, wengi nawafahamu kwa tiketi walizokosa kwingine. Kukosa tiketi si dhambi. Nimewahi kusimamia mchujo wa chama kimoja katika shule ya msingi, masanduku yakafika alasiri, daftari la wanachama likawa limesahaulika njiani, na aliyetangazwa mshindi hakuonekana pale kutwa nzima. Aliyeibiwa hivyo ana haki ya kutafuta mlango mwingine. Ila nataka kujua anakimbilia kitu au anakimbia kitu. Kama hasira yake ni ya tiketi, ataondoka siku atakayopewa nyingine.

Mwanamke ni mmoja tu, na mmempa kile kiti ambacho mwanamume hawezi kukiwania. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya bajeti vijijini mkahesabu nani wamekaa na nani wamesimama nje na simu. Wanaouliza habari ya dawa za zahanati ni akina mama. Kisha mnaniambia hamkupata mwanamke wa kuwania udiwani, samahani, siku hizi mnaita MCA, katika wadi 35 zote.

Na huyo MCA ndiye ninayetaka mumwangalie zaidi kuliko gavana wenu mwenye suti. Mnampima kwa matanga aliyohudhuria na basari alizoahidi. Basari zenyewe mwanzoni mwa 2025 zilizua mzozo hadi mahakamani, Mdhibiti wa Bajeti alipotaka kaunti zipate kwanza makubaliano na serikali ya kitaifa, kwa kuwa shule za sekondari si kazi ya kaunti. Ya kaunti ni ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kazi ya MCA ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kumkagua gavana. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio hufika kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo zahanati yenu hupona au hufa, na wakati huo ndipo nyinyi huwa mmelala mkingojea Agosti ya mwaka wa tano. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mpango, na mpango mkubwa ni ule wa miaka mitano. Kisichoingia humo, kiombeeni dua. Vikao vya bunge lile ni vya wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia. Kati ya wagombea wenu wote, ni nani amewahi kukaa pale Malindi juu kwenye viti vya wananchi, siku moja, kikao kizima, simu ikiwa mfukoni?

Mnisamehe, nimepaza sauti. Ni uchovu.

Nirudi kwenye katiba ya chama, ile karatasi mliyoibana nyuma kabisa mkidhani sitaifikia. Ibara ya 14 inampa kiongozi wa chama uwezo wa kuingia katika muungano wowote "kwa maslahi ya wanachama". Ifuteni. Mahali pake andikeni kwamba hakuna mkataba wa muungano utakaopelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kabla haujasomwa wote, kwa Kiswahili, mbele ya wanachama wa kila eneo bunge, Rabai hadi Magarini, nao wakaupigia kura. Kila cheo kitakachotajwa humo kitajwe pamoja na kile ambacho Kilifi itapata kwa cheo hicho na lini. Kiongozi wenu hatalipenda. Jana alipokuja kuniamkia alishaanza kunisimulia habari za simu kutoka Nairobi, na uzinduzi bado.

Mwambieni aje yeye mwenyewe, bila wapambe, tuisome ibara hiyo pamoja. Na yule mwalimu wa chekechea anayewania wadi ya Bamba, ambaye picha yake mmeiweka ukurasa wa mwisho kabisa kwa kuwa hana fedha za mabango, aje naye. Nina nakala ya makadirio ya bajeti ya mwaka huu. Nataka kuona ataanza kuisoma ukurasa gani.